Nyota Tatu za Mzee Otto

Sajenti Zuhra Hassani alikuwa na barua moja, daftari moja na siku isiyotimia. Kesho Jumatano, saa mbili asubuhi, Maalim Abdulswamadu angepandishwa kizimbani kwa wizi wa tarumbeta ya Mzee Otto Mapunda. Katika miaka kumi na mmoja ya upelelezi Zuhra hakuwa amempeleka mahakamani mtu asiye na kosa, na hakuona sababu ya kuanza na huyu.

Tarumbeta yenyewe ilijulikana Songea nzima. Ilikuwa ya fedha, fedha ile ya madini, inang'aa hata ukiifunika gunia. Kijijini Mpitimbi wanasimulia hadi leo kwamba Pasaka moja Mzee Otto aliishikilia noti ya mwisho muda mrefu mno, kuku wa kijiji kizima wakatoka kwenye viota wakidhani kumekucha upya, na fundi saa akarudisha nyuma saa zote za wateja. Mzee Otto mwenyewe hukanusha habari ya kuku. Husema walikuwa bata.

Barua ilikuwa fupi, imeandikwa kwa herufi kubwa:

WEWE NI WA NYOTA YA KAA. SAYARI YAKO NI MWEZI, SIKU YAKO JUMATATU, MADINI YAKO FEDHA, MAKAO YAKO MAJINI. UGONJWA WAKO UKO KIFUANI. JUMATATU SAA TATU ASUBUHI WEKA TARUMBETA KANDO YA KIJITO CHA BONDENI MSHANGANO, UONDOKE BILA KUGEUKA. RUDI ADHUHURI, UTAIPULIZA KWA PUMZI MPYA. MNAJIMU.

Mzee Otto aliikuta mlangoni Jumapili baada ya misa. Jumatatu akafanya alivyoagizwa. Adhuhuri aliporudi akakuta maji, mawe na chura mmoja. Saa nane mchana polisi wakamtoa Maalim Abdulswamadu chumbani kwake Msamala na pingu mikononi, kwa sababu katika mtaa ule mnajimu alikuwa yeye peke yake, na ni yeye ambaye Mzee Otto alimwendea wiki iliyopita kuomba dawa ya pumzi.

"Zuhra," alisema Afande Saimon, mkuu wake, huku akikoroga chai, "huyu ni mtu wa kwenu Tunduru."

"Ndiyo, afande."

"Watu watasema."

"Wamekwisha kusema, afande. Mwenye nyumba wake ametoa godoro lake nje tangu jana jioni."

"Basi malizia jalada mapema, asubuhi liende."

"Litakwenda likiwa na jina sahihi, afande."

Afande Saimon akamtazama juu ya kikombe. Alimjua. Akarudi kwenye chai yake.

Zuhra akaigeuza barua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo ilikuwa myembamba kama imechorwa kwa rula. Pembeni palikuwa na doa dogo la kahawia, mahali karatasi ilipoungua kidogo. Akaisugua kwa kidole. Karatasi hii, kabla ya kuandikwa na baada ya kukunjwa, ilikuwa imepigwa pasi.

Akaandika hilo pembeni ya jalada, akachukua daftari la mshtakiwa, akaenda mahabusu.

Maalim Abdulswamadu alikuwa amekaa juu ya saruji, mgongo umenyooka, kofia iko sawasawa kichwani. Ungedhani ndiye mwenye kituo, na wale walioko nje ya nondo ndio wanaongoja kuhukumiwa.

"Assalamu alaykum, Maalim. Shikamoo."

"Waalaykum salaam. Marahaba. Sajenti, nimekaa mji huu miaka kumi na tisa. Nimetafuta majina ya watoto, nimechagua siku za harusi. Sijaiba hata sindano."

"Sikuja kuuliza kama umeiba. Nimekuja kuuliza Mzee Otto ni wa nyota gani."

"Uliza daftari."

"Ninalo hapa."

"Wenzako walilishika miguu juu kichwa chini," alisema Maalim. "Mmoja akauliza kama ni Kichina."

Zuhra alilishika inavyotakiwa. Lilikuwa la Kiswahili kitupu, ila limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, mkono uleule ambao babu yake aliutumia Tunduru kuandikia barua za posa. Akafungua ukurasa wa Jumatano iliyopita, akasoma kwa sauti, kila herufi na hesabu yake.

"Otto bin Maria. Alifu moja, wau sita, te mia nne, wau sita. Mia nne kumi na tatu."

"Endelea."

"Maria. Mimu arobaini, alifu moja, re mia mbili, ye kumi, alifu moja. Mia mbili hamsini na mbili. Jumla mia sita sitini na tano." Akachukua kalamu, akagawanya kwa kumi na mbili juu ya kiganja chake. "Imebaki tano."

"Ya tano?"

Zuhra akahesabu kwa vidole kama alivyofundishwa akiwa mdogo. "Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi. Asadi. Simba."

"Simba," alirudia Maalim, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Sayari yake Jua. Siku yake Jumapili. Madini yake dhahabu. Nyota ya mtu inatoka kwenye jina lake na jina la mama yake, tarehe za kuzaliwa ni mambo ya magazeti. Sasa niambie, Sajenti. Mimi, mwanafunzi wa Sheikh Hamisi, nimtibu mtu wa Jua kwa dawa ya Mwezi? Nimtume mtoni Jumatatu na chombo cha fedha? Wakiniita mwizi nitajitetea. Wakisema ile barua niliiandika mimi, wamenitukana."

"Mbona hukumwambia yeye ni Simba?"

"Nilimwambia arudi Ijumaa ijayo. Hesabu ya pumzi haifanywi mbio. Hajui nyota yake mpaka leo."

Kule juu ofisini, Afande Saimon hakushawishika. "Anaweza kuwa aliandika uongo makusudi, ili tukikamata barua aseme si yake."

"Mzee Otto hakuijua nyota yake, afande. Angeandikiwa Simba, angeandikiwa Samaki, angeamini vilevile. Aliyeandika Kaa hakuwa na haja ya kubuni. Aliandika Kaa kwa sababu anaamini Mzee Otto ni Kaa. Nikimpata mwenye imani hiyo, nimempata mwizi."

"Una mpaka saa kumi."

*

Mzee Otto alimpokea Zuhra akiwa amevaa koti la bendi, bluu, vifungo vya rangi ya dhahabu. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini, kifua kipana, na pumzi inayokatika katikati ya sentensi. Mwanawe Valence, mwenye duka la simu, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Sajenti, huyo mtu wenu aniambie tu alipoificha," alisema Mzee Otto. "Jubilei ya bendi ni mwezi ujao. Miaka hamsini. Bendi bila tarumbeta ni maandamano ya watu wenye kofia."

Zuhra alimtazama Valence. Jalada lilisema kwamba mwaka jana kijana huyu alimtafutia baba yake mnunuzi wa tarumbeta ile kutoka Dar es Salaam, na mzee akamfukuza mnunuzi pamoja na soda aliyoandaliwa.

"Valence, jana saa tatu asubuhi ulikuwa wapi?"

"Dukani, afande."

"Nani alikuona?"

"Nilikuwa bado sijapata mteja." Akameza mate. Zuhra akamwacha aendelee kumeza.

"Baba yako ni wa nyota gani?"

Valence alishangaa, kisha akajibu kama mtu aliyeulizwa namba yake ya simu. "Mbuzi. Kila mwaka mpya namsomea kwenye simu. Amezaliwa Januari mosi."

"Nani kasema?"

"Kitambulisho chake. Nilimjazia fomu mwenyewe. Tarehe alikuwa haijui, karani akasema wazee wote wasiojua waandikwe Januari mosi."

"Mtaa mzima wa wazee tumezaliwa siku moja," alisema Mzee Otto. "Sijui wakunga walilala wapi."

Zuhra akafuta jina la Valence kichwani. Mtu anayemkatia baba yake keki kila Januari mosi na kumsomea habari za Mbuzi hawezi kukaa chini akaandika Kaa. Simba kwa mnajimu, Mbuzi kwa mtoto. Kaa alikuwa wa nani?

Akasimama kuaga, na hapo ndipo alipoliona koti vizuri. Mikunjo ya mikono yake ilikuwa imesimama wima kiasi kwamba ungeweza kumenyea chungwa.

"Mzee, nani anakupigia pasi?"

"Mama Lidwina wa Mshangano. Anatunza sare za bendi. Mkono wake huo, hata karatasi za nyimbo anazipiga pasi. Sadaka yake ya Jumapili inaingia kikapuni imenyooka kama imetoka benki."

"Ana muda mrefu na bendi?"

"Tangu mumewe, marehemu Polikarp, alipokuwa mpulizaji. Tarumbeta niliachiwa na Polikarp."

"Na habari ya kwenda kwa mnajimu, ulimwambia nani?"

Mzee Otto aliangalia vifungo vyake. "Bendi tu. Jumamosi, kwenye mazoezi."

"Bendi yote?"

"Na waliokuwa wakitusikiliza."

*

Nyumba ya Mama Lidwina Komba ilikuwa mwisho wa Mshangano, mahali mji unapokoma na mahindi kuanza. Kijito kilikuwa hatua mia mbili chini ya shamba lake. Zuhra alizihesabu.

Mwenyewe alikuwa barazani, mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, anasukuma pasi ya mkaa juu ya suruali ya bluu. Katikati ya mdomo wake wa juu palikuwa na alama nyekundu ya mviringo.

"Shikamoo, mama. Monile."

"Marahaba, mwanangu. Monile. Mtoto wa Tunduru anaijua monile, salamu ya Wangoni? Kaa hapo, usiguse hizo soksi."

"Mdomo umefanyaje, mama?"

"Chai ya moto."

Zuhra akakaa. Ukutani, juu ya kiti, kulikuwa na kalenda ya kanisa, kila siku na mtakatifu wake. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anayetafuta tarehe.

"Sisi kwetu hatuna hizi," alisema. "Hawa wote unawajua?"

"Kalenda hiyo ni ya wageni. Mimi sihitaji." Mama Lidwina akainua pasi, akapuliza majivu. "Uliza jina lolote."

"Thadei."

"Oktoba ishirini na nane."

"Walburga."

"Februari ishirini na tano. Dada yangu huyo."

"Polikarp."

"Februari ishirini na tatu. Zamani walimweka Januari, wakamhamisha. Mume wangu alilalamika mpaka kwa paroko." Alikuwa anatabasamu sasa, na pasi inakwenda kwa mwendo wa ushindi. "Parokia nzima wananijia. Mtu akisahau amezaliwa lini, namtazama jina tu, namwambia."

"Otto."

"Julai mbili. Kila mwaka siku hiyo nampelekea jogoo, tangu Polikarp angali hai."

"Kwa hiyo Mzee Otto alizaliwa Julai mbili."

"Sasa angezaliwa lini na jina hilo? Kwetu sisi jina lilikuwa linakungoja kwenye kalenda. Ukizaliwa, unalikuta."

Zuhra akatoa barua kwenye bahasha ya nailoni, akailaza juu ya meza ya kupigia pasi, pembeni ya suruali. Doa la kahawia la karatasi na doa la kahawia la kitambaa cha meza yalikuwa ndugu.

"Mtoto wake anadhani alizaliwa Januari, angeandika Mbuzi," alisema. "Mnajimu anamhesabia jina la mama yake, angeandika Simba. Julai mbili ndiyo inayotoa Kaa, mama. Songea hii, Julai mbili ya Mzee Otto iko kwenye kichwa kimoja tu."

"Mambo ya nyota mimi siyajui. Mimi Mkatoliki."

"Lakini maandazi unanunua, na yanafungwa kwenye gazeti lenye ukurasa wa nyota."

Pasi ilisimama. Moshi mwembamba ukaanza kupanda kutoka kwenye suruali, na ndipo Mama Lidwina alipoiondoa.

"Na ile chai," aliendelea Zuhra, "ndiyo chai ya kwanza niliyoona inaunguza kwa duara."

Mama Lidwina hakulia wala hakuapa. Alimwaga makaa chini, akayazima kwa maji, akaegemeza pasi ukutani. Zuhra akampigia mjumbe wa mtaa aje awe shahidi. Alipofika, mama akawaongoza ndani, akafungua gunia la maharage, akaingiza mkono mpaka begani. Tarumbeta ilitoka imefungwa kanga mbili, haina hata mkwaruzo.

"Nilimwomba," alisema. "Mwaka jana nilimwomba, mwaka huu nikamwomba. Nikamwambia, Otto, pumzi imekuishia, jubilei nitaipuliza mimi. Akacheka mbele ya bendi nzima. Akauliza, na sare atapiga pasi nani?"

"Unajua kuipuliza?"

"Polikarp alinifundisha. Miaka ishirini, jikoni, mlango umefungwa, watu wakidhani anafanya mazoezi yeye. Zile Jumapili alizokuwa mgonjwa wakasifu mazoezi yake ya jioni, nani alikuwa anapuliza?"

"Na Maalim?"

"Nilijua atakana, wamwachie, yaishe."

"Amelala juu ya saruji. Kesho anapanda kizimbani. Godoro lake liko nje Msamala, watu wanaliruka."

Hilo Mama Lidwina alikuwa halijui. Akavua kitambaa cha kiunoni, akakikunja mara nne, mikunjo ikakaa sawa.

"Twende," alisema. "Nitatembea mwenyewe, usinishike mkono."

*

Saa tisa na nusu tarumbeta ilikuwa juu ya kaunta ya kituo, na lebo ya kielelezo inaning'inia kwenye vitufe vyake. Mzee Otto aliitwa aitambue. Aliitambua tangu mlangoni. Kisha akamwona aliyesimama karibu nayo.

"Lidwina?"

"Mimi."

"Umenituma mtoni kama mtoto?"

"Ulikwenda."

Mzee Otto alitafuta pumzi. "Na hata hivyo umekosea. Mimi si wa Julai. Mama alinizaa wakati wa kupanda mahindi. Jina nilipewa la Bruda Otto, fundi viatu, kwa sababu alimshonea baba yangu makubazi."

Kituo kizima kilimwona Mama Lidwina akipauka, jambo ambalo hata kukamatwa na Zuhra hakukulifanya.

"Hukuzaliwa Julai mbili?"

"Hapana."

"Majogoo thelathini na mmoja, Otto. Nimekupikia majogoo thelathini na mmoja kwa siku isiyo yako, na wewe unakula kimya?"

"Walikuwa majogoo wazuri," alisema Mzee Otto kwa sauti ndogo.

Afande Saimon akakohoa. Zuhra akaona ndiyo nafasi. "Afande, kielelezo hakijathibitishwa. Mlalamikaji anasema ni tarumbeta inayolia. Tunahitaji jaribio."

"Ajaribu nani?"

Zuhra akaisogeza kwa Mama Lidwina.

Mama aliipangusa kwa upindo wa kanga, akaiweka mdomoni pale penye alama, akafunga macho. Ulikuwa wimbo wa kuingilia wa bendi ya Mpitimbi, ule wa Pasaka. Sauti ilijaa kwenye kaunta, ikapita nondo za mahabusu, ikatoka nje, na askari wa lindo akajikuta amesimama mguu sawa bila kuamriwa. Kuku wa jirani, nasikia, walifanya walichofanya.

Alipomaliza, Mzee Otto alikuwa amenyoosha mgongo.

"Noti ya tatu umeichelewa," alisema.

"Polikarp aliichelewa hapohapo kila Jumapili."

"Ndiyo." Mzee Otto akaitazama tarumbeta. "Ndiyo, aliichelewa." Akamgeukia Afande Saimon. "Mimi sina malalamiko tena. Andikeni hivyo, nitatia saini. Jubilei itapulizwa na huyu. Pasi nitajifunza."

Afande Saimon akaandika kwa muda mrefu, akamwita askari wa mahabusu. Maalim Abdulswamadu alitoka akiwa ameshika viatu mkononi. Zuhra akamrudishia mkanda, kisha daftari, kwa mikono miwili.

"Maalim, samahani kwa usumbufu," alisema Afande Saimon. "Mlango wa nyuma uko wazi, unatokea uchochoroni. Hakuna atakayekuona."

Maalim alikaa kwenye benchi akavaa viatu, mmoja baada ya mwingine, akafunga kamba.

"Niliingia kwa mlango wa mbele," alisema, "saa nane mchana, nina pingu, Msamala yote inatazama. Nitatoka kwa mlango huohuo." Akamtazama Mama Lidwina. "Wewe mama, una wimbo wa kutembea?"

"Ninao."

"Basi niombe msamaha kwa huo. Mpaka mlangoni kwangu."

Mzee Otto akavua koti lake la bluu, akalitikisa, akamvika Mama Lidwina mabegani, akamfunga vifungo vya dhahabu kimoja kimoja mpaka shingoni. Zuhra akakata lebo ya kielelezo kwa meno, akaweka kofia yake sawa.

Wakatoka. Mama Lidwina mbele na tarumbeta, nyuma yake Maalim kichwa juu, daftari kwapani, kisha Mzee Otto katika shati lake jeupe, anahesabu mwendo kwa mkono. Sajenti Zuhra alifunga msafara. Wauza nyanya walisimama. Mafundi cherehani waliachia pedeli. Mtu mmoja aliyepiga kelele za mwizi jana alivua kofia, akasahau kuirudisha.

Mwenye nyumba aliwasikia wakiwa bado mbali. Walipokata kona alikuwa ameshalibeba godoro kichwani, analirudisha ndani, na miguu yake, bila yeye kupenda, ilikuwa inafuata tarumbeta.